Menyu ya Mzee Wino

Jina lake kamili, kama wenzake walivyolitangaza siku ya kumuaga kazini, lilikuwa Bi Kitufe Kushoto-na-Kulia, binti wa fundi saa aliyeifumua saa ya stesheni na kuirudishia bila kubakiwa na skrubu mkononi. Mjukuu wa mshonaji aliyetia vifungo kwenye majoho ya mahakimu na asikubali kifungo kimpite mwenzake hata kwa upana wa uzi. Mke wa Mzee Wino, mpanga chapa. Mama wa wawili. Yeye aliyekifundisha kipanya adabu. Walicheka, wakapiga makofi, wakamkabidhi saa ya ukutani isiyo na betri.

Hayo ya adabu hayakuwa utani. Kwa miaka mingi Bi Kitufe alifanya kazi katika chumba cha juu, chini yake duka la vioo, na kutwa nzima walisikia kisu cha almasi kikilia kwenye kioo kama mtoto asiyetaka kuogeshwa. Humo ndimo walimoandika Mstari, programu ya kuandikia. Wengine walishughulikia herufi, wengine uchapishaji. Yeye alipewa kipanya. Watu hudhani kipanya kina akili zake. Bonyeza mara moja, kishale kinakaa kati ya herufi. Bonyeza haraka mara mbili, neno zima linapakwa rangi. Bonyeza kitufe cha kulia, inafunguka menyu ndogo pale pale ulipo: kata, nakili, bandika. Hakuna anayejiuliza nani aliyaamua hayo. Katika Mstari aliyaamua Bi Kitufe, na kila moja alilipigania. Ni yeye aliyesema menyu ifunguke pembeni kidogo ya kishale, isije ikawa mtu anaachia kidole tu na kumbe ameshachagua kufuta. Ni yeye aliyesema mtu akishapaka rangi maneno yake, kitufe cha kulia kisimpotezee. Na ni yeye aliyeweka sheria iliyomgombanisha na wakubwa: jambo lisilotumika kwa wakati huo lififie, lakini lisihame mahali pake.

Sheria hiyo hakuipata kwenye darasa la kompyuta. Aliipata kwa mumewe kabla hajawa mumewe. Siku hizo Bi Kitufe alikuwa binti wa kusoma na kusahihisha makosa katika kiwanda cha uchapaji, na Mzee Wino, kijana mwenye kucha nyeusi, alipanga herufi za madini ya risasi kwa mkono. Mbele yake kulikuwa na sanduku la vijumba, kila herufi na kijumba chake. Alikuwa akizungumza na watu, akicheka, akitazama mlangoni, na mkono unachukua herufi wenyewe, moja baada ya moja, bila kukosea. Siku moja wenzake wakamfunga kitambaa usoni kwa ubishi. Akapanga jina la yule msichana wa masahihisho, herufi kwa herufi, akampelekea likiwa bado kwenye chuma cha kupangia herufi. "Macho ya nini," alimwambia, "na vijumba havitembei." Kwa maneno hayo alikuwa ameshaoa.

Basi Meneja mpya alipokuja na viatu vyake vya kung'aa, akaiangalia menyu ya Mstari kama anayeangalia kabati la marehemu.

"Bi, haya maneno yaliyofifia yanafanya nini humu? Menyu imekuwa ndefu kama foleni ya kliniki."

"Yanashika nafasi."

"Nafasi ya nani?"

"Ya mkono wa mtu. Mkono ukishaijua njia, usiuhamishie mlango."

"Mama yangu, watu wana macho."

"Macho yako kwenye maneno yao wanayoandika. Kwenye menyu mkono unakwenda peke yake."

Meneja alimwitikia kwa heshima zote na kufanya alivyotaka. Toleo lililofuata lilikuja na menyu inayojipanga yenyewe: unachokitumia sana kinapanda juu, usichokitumia kinashuka au kinatoweka. Bi Kitufe akastaafu mwaka huo huo, kifua mbele, tumboni moto. Akabaki na Mstari ya zamani kwenye kompyuta yake ya nyumbani, na saa isiyo na betri.

Hajamaliza hata kuyazoea mapumziko, kiharusi kikamwangusha Mzee Wino bafuni. Upande wa kulia ulikufa wote. Ulimi ukafa nao. Nusu ya uso ililala na nusu ikabaki ikichezacheza, hata usijue analia au anacheka. Alielewa kila alichoambiwa, hilo daktari alilithibitisha, lakini herufi, zile herufi alizolala na kuamka nazo, zilikuwa zikiogelea mbele ya macho yake. Aliweza kulifikia neno moja akilitazama kwa muda mrefu. Zaidi ya hapo alichoka, akafumba macho.

Mke wake hakukaa kulia. Aliifungua Mstari ya zamani, akaichana kama nguo na kuishona upya kwa mtu mmoja.

Kwanza akakiua kitufe cha kushoto. Mzee sasa alishika kipanya kwa mkono wa kushoto, na katika mkono huo kidole cha shahada huangukia kitufe cha kulia. Cha nini kumhangaisha na kingine. Kitufe kile kimoja kikafungua menyu na kikachagua. Mkono ulitetemeka, na mtetemeko ulikuwa ukibonyeza mara ya pili bila mwenyewe kutaka, kwa hiyo akakifundisha kipanya kusubiri kidogo kabla ya kukubali bonyezo jingine. Kisha akafanya jambo ambalo ofisini angemfokea mtu kwa kulifanya: popote Mzee alipobonyeza, menyu ilifunguka katikati ya ukurasa, na kishale kikavutwa hadi kwenye kichwa cha menyu hiyo. Kishale ni cha mtu, programu haitakiwi kukigusa. Hilo aliwahubiria vijana miaka yote. Lakini kwa njia hii safari ya mkono ilikuwa ile ile kila siku. Kutoka kichwani hadi neno fulani, umbali haubadiliki. Kijumba hakitembei.

Menyu yenyewe haikuwa na kata wala bandika. Ilikuwa na maneno ya mtu wa kitandani. Ndiyo. Hapana. Maji. Maumivu. Dirisha. Redio. Niache. Kaa. Asante. Na mengine chini yake. Mzee akichagua, neno lilijiandika ukurasani kwa herufi kubwa kama za kibao cha duka.

Neno "Niache" lilizua kicheko nyumbani. Liliwekwa kwa ajili ya yule mtaalamu wa viungo aliyekuja kumvuta mkono mgonjwa, mwanamke mnene mwenye huruma kama ya koleo. Siku ya kwanza Mzee alipolitumia, yule mama alisoma, akashika kiuno.

"Eti niache. Nimeambiwa hivyo na wanaume wenye meno yote, sikuwaacha, itakuwa wewe. Lete mkono."

Na neno "Kaa" lilikuwa la Bi Kitufe mwenyewe. Akiinuka kwenda jikoni, kitufe kinalia, anageuka, ukurasa umeandikwa Kaa. Anarudi, anakaa. Baada ya miezi Mzee hakuwa akiiangalia tena menyu. Alimtazama mkewe, na mkono ukaenda wenyewe. Ilikuwa raha yao ya mwisho, na walijua.

Kwa kuwa viharusi vidogo vilikuwa vikija kimya kimya, kama mtu anayezima taa chumba kimoja kimoja. Neno alilolitumia jana, leo hana habari nalo. Bi Kitufe akiona neno halijaguswa kwa muda, alilififisha. Hakuliondoa. Dirisha likafifia. Redio ikafifia. Asante ikafifia, na siku hiyo alikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ndipo ikaja simu ya mtoto wao mkubwa.

Huyu, nyumbani walimwita Gavana tangu utotoni, kwa kuwa hata kuchota maji alitaka kusimamia. Alikuwa hajakanyaga pale miaka na miaka. Baba, ambaye baadaye alikuja kukimiliki kile kiwanda cha uchapaji, alitaka amrithishe; yeye akaajiriwa na kampuni iliyoleta mitambo mipya, na mitambo hiyo ndiyo iliyokifunga kiwanda cha baba yake. Siku ya kufunga alikuja kumshika baba mkono mlangoni. Mzee Wino, kwa mdomo wake uliokuwa mzima wakati huo, alimwambia neno moja tu: "Niache." Gavana alimwacha. Hata alipopata habari za kiharusi alituma pole kupitia kwa mdogo wake, hakuja. Sasa alisema anakuja Jumamosi. Alisema, "Mama, nataka nimsikie mwenyewe. Kitinda ananiambia siku hizi anaongea."

Kitinda ndiye yule mdogo, binti, fundi wa mapazia, mama mtu mzima mwenye nyumba yake mtaa wa pili.

Bi Kitufe aliposikia mwanawe anakuja, akili ilimruka. Nyumba ilifagiliwa mpaka chini ya friji. Mzee akanyolewa, akavikwa shati la mikono mirefu lenye vifungo vyake vyote. Na asubuhi ile ile ya Jumamosi, mama wa watu, kwa furaha iliyompofusha, akaketi kwenye kompyuta kuongeza zawadi. Aliandika neno jipya: Mwanangu. Akaliweka juu kabisa, kichwani pa menyu, karibu na mkono, ili Mzee asipate taabu kulifikia. Akamwonyesha.

"Hili la mwanao. La kwanza kabisa. Umeliona?"

Mzee alilitazama muda mrefu. Nusu ya uso ikacheza.

Katika maisha yake yote hakuna aliyemshinda Bi Kitufe kwa kujua kinachotokea neno likiongezwa juu. Yote ya chini yanashuka ngazi moja. Angemwona kijana wa ofisini akifanya hivyo angemnyang'anya kiti. Lakini siku ile hakuwa fundi, alikuwa mama, na gari lilikuwa linapiga honi nje.

Gavana aliingia mwili umejaa, nywele zimeanza kumwacha. Aliinama mlangoni ingawa mlango haukuwa mfupi. Kitinda alikuwa nyuma yake, kamshikia mkoba.

"Shikamoo baba."

Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya kipanya. Mzee alimkazia macho mwanawe, hakuitazama skrini hata kidogo, kama zamani akitazama mlangoni na herufi zikija zenyewe. Bonyezo. Mkono ukashuka njia yake ya kila siku. Bonyezo.

Ukurasani pakaandikwa Niache.

Mzee, bado akimtazama mwanawe, akabonyeza tena. Niache. Tena. Niache. Ukurasa ukawa unajaa, mstari chini ya mstari, kwa herufi za kibao cha duka, na nusu ya uso ikicheza, analia au anacheka.

"Ngoja, ngoja baba," Bi Kitufe alimwambia mwanawe, akaruka kwenye skrini. "Siyo hilo. Nimeongeza neno asubuhi, yamesogea. Anakwambia Kaa. Anasema kaa, mwanangu."

Gavana hakukaa.

"Nani kaliweka hilo neno humo?"

"Lipi?"

"Niache. Nani kaliweka?"

"Mimi. Lakini ni kwa ajili ya yule mama wa viungo, anamuumiza mkono."

"Mama. Tangu tuko wadogo wewe ndiye unayetuambia baba kasema nini. Baba anawapenda. Baba hakukasirika, kachoka tu. Sasa umempa na mtambo kabisa."

"Kidole kimekwenda pasipo pake, mwanangu. Nakuapia."

"Kidole cha baba?" Gavana alicheka kidogo, kicheko kisicho na mwenyewe. "Huyu aliyepanga jina lako kafungwa macho? Hadithi hiyo umetulisha miaka yote, leo unataka niiteme."

Kitinda akasema, "Kaka, kaa basi hata chai unywe."

"Kasema nimwache. Mara zote hizo kasema. Mara ya kwanza nilimsikia kwa masikio, leo nimesoma."

Alimbusu mama yake juu ya kitambaa cha kichwa, akatoka. Chai ilikuwa mezani, imefunikwa na kisahani.

Alipoondoka, Bi Kitufe alilifuta lile neno jipya, kila kitu kikarudi mahali pake. Akavuta kigoda karibu na kitanda, magoti yagusane na ya mumewe.

"Ulitaka kumwambia akae. Ndivyo?"

Bonyezo, bonyezo. Ndiyo.

Pumzi ilimrudi. Angemwita Kitinda asome, angempigia Gavana simu kabla hajafika mbali. Lakini alikuwa mtu wa kupima mambo, na hakuwahi kukikubali kitufe bila kukijaribu upande wa pili. Akauliza tena, polepole, sauti ile ile.

"Ulitaka kumwambia akuache. Ndivyo?"

Bonyezo, bonyezo. Ndiyo.

Alikaa pale mpaka chai ikapoa. Hakupiga simu. Angesema nini? Aliyetengeneza ni yeye, aliyeongeza ni yeye, na shahidi anasema ndiyo kwa kila swali. Mara akasadiki kwamba kosa ni lake, la neno lile moja, na akaona afadhali. Kosa la fundi hurekebishwa. Mara akaona huenda mkono haukukosea hata kidogo, huenda Mzee aliiona menyu imesogea akaifuata huko huko. Lipi lilimuuma zaidi hakujua. Alimwandikia mwanawe ujumbe akieleza kila kitu kwa utaratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza vijana wa ofisini: neno likiongezwa juu, ya chini hushuka. Gavana alijibu, "Sawa mama. Pole na kazi." Bi Kitufe alipompigia simu, yeye aliuliza habari za mvua.

Miezi ikapita namna hiyo. Maji yakafifia. Maumivu yakafifia, na yule mtaalamu wa viungo akaacha kuja kwa kuwa hapakuwa na cha kuvuta. Hapana ikafifia kabla ya Ndiyo. Kila mara Bi Kitufe aliliacha neno mahali pake, kijivu, mahali pa mkono kupita bila kujikwaa. Mzee sasa alibonyeza mara chache sana kwa siku, na karibu kila mara mkono ulishuka pale pale. Kaa. Mkewe yuko mbele yake ameshakaa, naye anaandika Kaa. Anakaa zaidi, kama inawezekana.

Na yeye mwenyewe macho yakaanza kumwacha. Presha ya macho, walimwambia kliniki. Kilichokwenda hakirudi, tutajaribu kushikilia kilichobaki. Alianza kuiona skrini kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mistari ya programu yake, aliyoijua kama vidole vyake, ikawa inakatika katikati. Siku moja alikosea alama ndogo, menyu haikufunguka asubuhi nzima, na Mzee alibonyeza, akabonyeza, mpaka akaacha, akageukia ukutani. Ilichukua siku mbili kumrudishia hamu.

Hapo akamwita Kitinda.

Kitinda alikuja na sindano bado zimechomekwa kifuani mwa blauzi. Aliitazama ile mistari ya programu kama anayetazama nguo iliyoshonwa na kichaa.

"Mama, mimi nakata pazia. Kompyuta najua kuwasha na kuzima tu."

"Pazia ukilishusha pindo upande mmoja, nini hutokea?"

"Linavuta upande wa pili."

"Basi umeshafika nusu. Keti."

Akamfundisha wiki kadhaa, mchana, Mzee akiwa macho ili wajaribu naye. Kitinda alikuwa mgumu, analalamika, anasahau, anapiga simu kutoka dukani kuuliza jambo aliloulizia jana. Lakini mkono wake ulikuwa wa fundi. Alijifunza kufifisha neno bila kuliondoa. Alijifunza kuacha pengo.

"Na kaka je?" aliuliza siku moja, anang'ata uzi. "Akija?"

"Hajasema anakuja."

"Mama, mimi namtumia picha kila wiki. Anaangalia, hajibu. Ila anaangalia."

Bi Kitufe alikuwa amekwisha kufa moyo juu ya hilo, na hakutaka mtu amfufulie moyo bure. Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matokeo ya mpira.

"Akija," alisema mwishowe, "wewe usimwambie baba yenu amesema nini. Hata neno likitoka wazi, usilisome kwa sauti. Usiseme alitaka hivi, usiseme mama alikosea. Nimeshayasema mimi, hayakusaidia. Vuta kigoda hiki, mwambie aweke mkono wake juu ya mkono wa baba yake, juu ya kipanya. Ausikie unakwenda wapi. Kisha utoke, ufunge mlango."

"Na kama mkono ukienda kwenye lile jingine?"

"Utakuwa umekwenda wenyewe."

Kitinda alimtazama baba yake. Mzee alikuwa amelala akiwa ameketi, kidole juu ya kitufe cha kulia, kama alivyokuwa akisinzia zamani na kipande cha chapa mkononi.

"Na usiongeze neno," Bi Kitufe aliendelea. "Hata liwe tamu namna gani. Hata akiwa anakuja nani. Lete kidole chako."

Akakishika kidole cha binti yake, chenye sugu ya mkasi, akakipeleka polepole kwenye kioo, akipapasa kwa kuwa mwenyewe hakuona vizuri tena, akishuka kutoka kichwani pa menyu, akapita Ndiyo, akapita yote yaliyofifia, akapita na lile lililowaponza, mpaka akasimama.

"Kaa iko hapa. Hata ikibaki peke yake kwenye ukurasa mzima, kwingine kote kweupe, wewe iache hapa. Sema umesikia."

"Nimesikia, mama."

"Sasa toa kidole. Kirudishe mwenyewe, umefumba macho."